Miti ya Ubatizo Iliyonyimana Jua

Sifa ni zako, Mungu uliyewasha mwanga kabla hujaumba jicho la kuuona. Wewe ndiwe unayelipimia jua kila jani, la juu na la chini, na hakuna jani ulilolisahau. Nakushukuru kwa magoti haya yaliyochakaa kando ya miche, na kwa pumzi uliyonibakishia ili niseme na watoto. Nishike mkono nisiongeze chumvi mahali ulipoweka ukweli peke yake.

Vijana wangu wa kanisa letu hapa Kitengela, mliniomba niandike juu ya kazi yangu ya zamani kwa sababu sasa ni ninyi mtakaotunza miti ya kiwanja kipya. Nadhani mlitaka mambo ya mbolea na maji. Nitayagusa. Lakini kazi ya miti ilinifundisha woga kabla ya kunifundisha kitu kingine, na nikiwaficha huo woga nitakuwa nimewapa panga lisilo na mpini.

Upepo wetu mnaujua. Unatoka huko uwandani bila kilima cha kuusimamisha, unakuja na vumbi la machimbo, unapiga mabati mpaka mbuzi wananyamaza. Ukianza alasiri, ninyi mnashika kofia. Mimi hushika ukuta na kutega sikio, nisikie kama kuna shina linalolia. Nitawaambia kwa nini, lakini nianzie mbali kidogo.

Niliajiriwa katika kitalu cha miche kule Loitokitok, juu ya Entarara, nikiwa msichana ambaye hajui kutofautisha mche na gugu. Sisi watu wa Murang'a tulijua mahindi na majani chai. Msitu tuliujua kama mahali pa kuokota kuni na kutoka mbio. Aliyenifunza ni Mzee Lemayian, mlinzi wa msitu, Mmaasai mrefu wa maneno machache. Asubuhi alipofika kitaluni alitusalimu sisi wanawake, "Takwenya!" nasi tukaitikia "Iko!", kisha akainamia miche na kuisalimu hivyo hivyo. Tulimcheka. Baadaye nilijikuta naitikia kwa niaba ya miche.

Siku ya kwanza aliponiingiza msituni nilikanyaga pale tu alipokanyaga yeye. Kule ndani mchana ni kama jioni. Unasikia kitu kikivunja matawi na hujui kama ni nyani au ni kikubwa kuliko nyani. Mzee Lemayian hakujali. Alichuchumaa akanionyesha mche wa podo uliofika gotini.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Miwili, mzee."

Akacheka mpaka akashika mti. "Huyu alikuwa hapa nikichunga mbuzi wa baba yangu. Urefu ni huo huo."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anangoja."

Akaniambia nilale chali pale chini, kichwa karibu na ule mche, nitazame juu. Nililala huku nikifikiria nyoka. "Hesabu mbingu," akasema. Niliona vipande vya buluu, vidogo kama vifungo vya shati, vichache sana. Hapo akaniambia, "Hiyo ndiyo sahani yake. Mtu akila hivyo atarefuka?"

Mkitoka na neno moja tu katika maneno yangu yote, liwe hilo. Ukitaka kujua mti mchanga unakula nini, usitazame udongo kwanza. Lala chini utazame juu. Nimewaona watu wakimwaga samadi na maji kwenye mche ambao shida yake iko mita kumi juu ya vichwa vyao.

Kuna miti inayoweza kungoja hivyo gizani miaka na miaka, podo ni mmojawapo. Majani yake ya kivulini huwa mapana na mepesi, yametandazwa kama viganja vya mtu anayeomba maji. Halafu siku moja mti mkubwa unaanguka, mwanga unaingia, na yule mche uliokuwa gotini unainuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Na kuna miti isiyojua kungoja. Mukinduri ni mmoja. Ukiuweka kivulini unajinyoosha tu. Unaacha kunenepa, unaacha kutoa matawi ya pembeni, nafasi kati ya jani na jani inakuwa ndefu, na nguvu zote zinaenda kwenye kukimbilia juu. Mtu asiyejua atausifu, aseme tazama ulivyo mrefu. Shika shina lake katikati ulitikise. Kilele kikiyumba kama mlevi anayetoka harusini, huo si urefu wa afya, ni urefu wa hofu.

Mzee Lemayian alinifunza pia kwamba ukiona mwanga mbele yako ndani ya msitu mzito, usifurahi, simama. Siku moja tulikwenda kuona miche chini ya mti mkubwa ulioanguka. Niliona pengo limejaa jua, kijani kibichi kimechipua, nikaharakisha. Alinivuta kwa nyuma akaniziba mdomo kwa kiganja. Nikasikia pumzi. Haikuwa yake wala yangu. Mbele yetu, ndani ya nyasi laini, mbogo alikuwa amelala akicheua, na jicho lake moja lilikuwa juu yetu. Tulirudi kinyumenyume, mguu baada ya mguu, mimi nikikariri sala zote nilizofunzwa na mama na nyingine nilizozitunga papo hapo. Gambuti langu moja lilibaki kwenye matope.

Tulipofika salama akaniambia, "Mwanga unaleta nyasi. Nyasi inaleta mwenyewe." Na kesho yake akaniuliza mbele ya wenzangu kama nimepata habari kwamba mbogo mmoja anatembea na gambuti mguuni.

Nilicheka. Lakini usingizini niliendelea kuliona lile jicho, na tangu hapo kila ninapofungua mwanga mahali najiuliza ni nini kingine kitakachoingia kwa mlango huo huo.

Nisisahau habari ya kitalu. Miche yetu ilikaa chini ya paa la nyasi, kwenye kivuli. Wakati mmoja msimamizi wetu, mtu mwema asiyekuwa na haraka isipokuwa siku hiyo, aliambiwa wageni wanakuja. Akaona miche imejificha gizani kama wezi. Akaamuru nyasi zote za paa zitolewe mara moja. Kufikia wakati wageni walipofika, majani yalikuwa meupe kana kwamba yamemwagiwa maji ya chai. Mgeni mmoja akapiga picha, akauliza kwa adabu huo mti wenye majani meupe unaitwaje. Mzee Lemayian alikuwa nyuma ya tangi la maji, mabega yakimtikisika.

Jani lililozaliwa kivulini halina ngozi ya jua. Ukilitoa nje ghafla linaungua, hata kama jua ndilo ulilokuwa ukiliomba miaka yote. Kwa hiyo toeni kivuli kidogo kidogo. Anzeni na upande wa mashariki. Jua la asubuhi ni mama, la saa nane ni polisi. Upande wa magharibi uacheni mpaka majani mapya yatoke, yale madogo, mazito, yenye kung'aa. Hayo ndiyo yanayojua jua. Ya zamani yatadondoka na ninyi mtaogopa. Ogopeni, lakini msirudishe kivuli.

Sasa nirudi Kitengela.

Nilipostaafu nilikuja hapa kukaa na binti yangu Njeri. Kanisa lilikuwa la mabati, na Pasta wetu, aliyekuwa bado kijana, alikuwa ameanzisha desturi iliyonitoa machozi nilipoiona mara ya kwanza. Mtoto akishabatizwa, wazazi walitoka na beseni la maji yaliyobaki, watu wote wakiwafuata kwa wimbo, wakaenda kando ya darasa la Shule ya Jumapili. Hapo walipanda mti wa asili, wakaumwagia yale maji, na Pasta akautaja kwa jina la mtoto. Huu ni Kevo. Huu ni Mercy. Huu ni Wambui.

Wambui ni mjukuu wangu. Mti wake ni mukinduri, na shimo lake lilichimbwa na Njeri mwenyewe akiwa amevaa nguo nyeupe, akakataa kusaidiwa, udongo mweusi ukamganda viatuni. Njeri alilala katika Bwana kabla Wambui hajaanza shule. Picha zake ninazo, lakini nikitaka kumwona akiwa anafanya kitu, nilikuwa nakwenda kwenye ule mti.

Kiwanja kilikuwa kidogo na Mungu alitupa watoto wengi. Kila ubatizo, mti. Ilifika mahali miti ilisimama kama watu kwenye foleni ya hospitali, kifua na mgongo. Na hapo ndipo kosa letu lilipojificha ndani ya jambo zuri. Msitu wowote uliopandwa hupunguzwa. Unachagua, unaondoa, waliobaki wananenepa. Lakini utapunguza namna gani miti yenye majina?

Nililisema mara moja baada ya ibada. "Miti hii imebanana. Inakimbizana juu, haina mizizi ya kushika. Inafaa tupunguze."

Mama Kevo, mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa anauza nguo, akaniita bibi kama wanavyoniita wote, akasema, "Sawa Shosho. Anza na mtoto wa nani?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Aanze na Pasta!"

"Mimi nilibatizwa kwingine," Pasta akajibu haraka. "Niko na bahati, sina mti."

Tukacheka wote tukaenda nyumbani kunywa chai. Ile miti ikaendelea kunyimana jua.

Kandokando ya barabara palikuwa na safu ya miti ya kukinga upepo, isiyo na majina. Kanisa lilipopata mawe ya kujenga ukuta, safu hiyo ilikatwa kupisha msingi. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, na ukuta tuliuhitaji. Lakini nilipoona ile miti membamba ya ndani imebaki wazi mbele ya uwanda, nilishika shina moja nikalitikisa. Ilikuwa haijawahi kuguswa na upepo hata siku moja. Ilikuwa imesimama kwa kuegemeana.

Upepo ulikuja kabla ya mvua. Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, watoto wametoka tu darasani kufuata uji upande wa pili. Nilisikia mlio kama mlango wa zamani. Kisha mti mmoja ukalala, polepole kabisa, bila kuvunjika, mizizi yake ikanyanyua udongo kama mkate, na kilele kikaangukia paa la darasa. Bati likakunjika juu ya benchi ambalo watoto walikuwa wamekaa.

Halafu mtu akasema, "Ni Kevo."

Mama Kevo hakuutazama mti. Alitoa simu. Kijana wake Kevo, aliyemaliza shule na sasa anaendesha boda boda, alikuwa amemchukua abiria kwenda Kajiado asubuhi hiyo. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Ile sauti yake yote ikaisha, akakaa chini kwenye vumbi na nguo za kanisa, akasema kwa unyonge, "Nilimwambia asiende." Wanawake walimzunguka. Pasta aliomba. Ninyi wengine mlikuwepo. Mnakumbuka jinsi kila mzazi alivyokuwa anatazama mti wa mtoto wake.

Kevo alifika jua likikaribia kushuka, kwenye pikipiki, akitafuna karanga. "Kuna nini? Mathe, mbona uko chini?"

Mama yake alimrukia, akamkumbatia, halafu akamchapa na kiatu. "Simu! Simu yako iko wapi?"

"Haikuwa na chaji, mathe! Ai! Kwani nani amekufa?"

Watu walicheka na kulia pamoja. Lakini msidhani kicheko kiliondoa kitu. Tangu siku hiyo watu walianza kupita kiwanjani kabla ya kazi, wakatazama miti yao kama mtu anavyogusa paji la mtoto kujua kama ana homa.

Aliyepita mara nyingi kuliko wote ni Mama Baraka. Mnamjua, ana kibanda cha mboga mbele ya lango, nyanya na vitunguu vya Loitokitok. Mwanawe Baraka alikuwa bado mdogo, wa kubebwa mgongoni, na kifua chake kilikuwa kibaya. Vumbi likizidi alipumua kwa mluzi. Na mti wake, mzeituni wa msituni ambao kwa Kimaasai ni oloirien, ulikuwa umepandwa wakati nafasi imekwisha, moja kwa moja chini ya mukinduri wa Wambui. Ulikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, umeinama upande, na majani yake yalikuwa yanageuka manjano.

Nilimkuta asubuhi moja akiumwagia ndoo nzima, udongo umekuwa uji.

"Umeunywesha sana, mama."

"Yeyo, haukunywa jana." Aliniita yeyo, yaani mama, tangu siku ya kwanza. "Angalia rangi yake. Na usiku Baraka amekohoa mpaka nikawasha taa nimwangalie hadi kuche. Ule wa Kevo ulianguka tu, na Kevo hakuwa mgonjwa. Huu wa Baraka unakauka. Unafikiri ni nini?"

"Baraka umempeleka hospitali?"

"Nilimpeleka dispensari. Dawa ya maji walinipa. Lakini yeyo, ugonjwa uko hapa." Akaugusa mti.

Nilikasirika, nikataka kumhubiria. Imani yangu ninaijua. Nimefundisha katekisimu, nimewazika wangu nikiimba. Najua maji ya ubatizo yaliyobaki kwenye beseni ni maji, na mti ni mti. Lakini macho yake yalinizuia. Nikamwambia, "Lala hapa."

"Kwa matope?"

"Lala utazame juu. Hesabu mbingu."

Alilala. Nikalala kando yake, kikongwe mzima, na vijana wa boda boda waliokuwa stejini, mbele ya lango, wakatazamana. Hakukuwa na hata kifungo kimoja cha buluu. Palikuwa na majani ya mukinduri tu, mapana, yenye afya, yameziba kila kitu.

"Mti wako una njaa ya mwanga," nikasema. "Huo hapo juu ndio unaula."

Akauliza polepole, "Huo ni wa nani?" Alikuwa anajua. Mimi pia nilijua tangu siku nyingi, vijana wangu, na ndiyo maana nilikuwa sijalala pale mapema.

Pasta aliita wazazi wote. Darasa lilikuwa bado na turubai mahali pa bati. Alisema wazi kwamba miti mingine itaanguka, na mara nyingine hatutapata uji wa kutuokoa. Chifu alikuwa ameruhusu tupunguze. Kilichohitajika ni mzazi wa kwanza. Sijawahi kuona watu wengi wakitazama viatu vyao namna ile. Hata Pasta mwenyewe alikuwa anaogopa. Mimi niliyefanya kazi ya misitu maisha yangu yote, niliyekata miti nisiyoweza kuihesabu, nilikaa kwenye benchi kama wengine. Wambui alikuwa bweni huko Kajiado. Nilijiambia, na kama? Na kama nikiukata na simu ikalia kutoka shuleni? Nilijua ni upuuzi. Woga hausomi katekisimu.

Sikuinua mkono, kikao kikaisha.

Wambui alikuja nyumbani likizo fupi. Nilimweleza tukichambua maharagwe, nikitarajia alie, kwa sababu ule mti ni kitu cha mama yake. Alichambua kidogo, akasema, "Shosho, ule mti ukiwa na shida, huwa unanipigia simu mimi?"

"Usinichezee."

"Sichezi. Niko hapa. Nimekaa mbele yako. Mimi si mti." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mum alipanda ili nikue. Sasa nimekua. Huyo mtoto wa Mama Baraka bado."

Kesho yake tukaenda. Kevo ndiye aliyepanda juu ya mti, kwa kuwa alisema mti wake umeshaanguka na yeye hana cha kuogopa, ingawa mama yake alisimama chini akimtukana kwa mapenzi muda wote. Alifunga kamba, akakata matawi kutoka juu kushuka, tukayateremsha moja moja yasiangukie paa wala mzeituni. Wambui alishika kamba. Mimi nilishika mkono wa Wambui, na kila msumeno ulipoingia nilimtazama usoni. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shina lilipoondoka, jua lilishuka pale chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ule mzeituni ulionekana mdogo sana, na uchi.

Mama Baraka akapiga makofi. Nikamwambia ngoja, sasa ndipo hatari. Nikamweleza habari ya majani meupe ya kitaluni. Tukasimamisha vijiti viwili upande wa magharibi, akafungua leso yake kiunoni, akaifunga hapo iwe ukuta dhidi ya jua la mchana. Asubuhi mwanga uingie, alasiri leso izuie.

Majani ya zamani yalianza kudondoka kama nilivyosema yatadondoka. Alikuja kila asubuhi akiwa na Baraka mgongoni, akayaokota, akanionyesha kiganja kimejaa. "Yeyo, unaona?" Nilimwambia asubiri macho ya matawi, pale majani mapya yanapochipuka. Ndani yangu nilikuwa siko imara hata kidogo. Usiku nilikuwa naomba kwa ajili ya mti, Mungu anisamehe, kabla ya kuomba kwa ajili ya mtoto.

Kisha ikaja asubuhi ya vumbi. Nilifika nikamkuta amechuchumaa. Akanipungia mkono kwa furaha. Kwenye ncha ya tawi palikuwa na majani mawili mapya, madogo, mazito, yaking'aa. Nilipiga magoti kuyatazama. Tulikuwa vichwa pamoja, tunacheka kama wasichana, na hatukusikia mluzi ulipokoma.

Ni Kevo aliyeona, kutoka stejini. "Mama Baraka! Mtoto!"

Baraka alikuwa amekaa nyuma yetu kwenye kisiki cha Wambui. Alikuwa hatoi tena ule mluzi. Alikuwa ameinua mabega, mdomo wazi, ngozi ya shingo ikiingia ndani kila alipotafuta hewa, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Sijaogopa hivyo hata mbele ya mbogo. Mti ulikuwa umepona mbele ya macho yetu, na mtoto alikuwa anatuponyoka nyuma ya migongo yetu.

Mama Baraka alinyoosha mkono akaing'oa leso kwenye vijiti, vijiti vikaruka, akamfunga mtoto mgongoni, na kabla sijasimama alikuwa juu ya pikipiki ya Kevo. Waliondoka upande usio wao wa barabara, honi ikilia. Hakugeuka kuutazama mti hata mara moja.

Nilibaki hapo na Mungu. Jua la saa nane lilikuja, hapakuwa na leso, na nilikuwa na kanga begani ambayo ningeweza kuifunga. Sikuifunga. Sikukumbuka kama kuna mti. Nilikuwa natazama barabara.

Hospitalini walimwekea hewa na dawa ya kuvuta, na siku chache baadaye walimrudisha na kifaa kidogo cha kuvutia dawa ambacho mama yake sasa anakibeba shingoni kama ufunguo wa nyumba. Daktari alimwambia alimfikisha kwa bahati, na asingoje tena. Alipokuja kuniona, alikaa mlangoni, leso ikiwa magotini. Upande mmoja wa leso ulikuwa umepauka kwa jua.

"Yeyo, nilisahau mti."

"Umefanya vizuri."

"Nilikuwa nauangalia mti siku zote. Mtoto alikuwa mgongoni, simwoni." Akalia kidogo. Nikalia naye, kwa maana hakuwa peke yake.

Mzeituni uliungua upande wa magharibi, na alama ipo hadi leo. Lakini yale majani mawili yalishika, na sasa umepita kimo changu, shina nene, matawi pande zote. Baraka bado kifua kinamsumbua wakati wa vumbi. Mti una wiki zake nzuri na yeye ana zake mbaya, haziulizani. Wazazi waliona hilo wenyewe. Jumapili ya kwanza baada ya Baraka kurudi, Mama Kevo alisimama akataja mti wa binti yake Mercy, na baada yake wengine, mmoja mmoja, wengine wakilia. Tulipunguza. Waliobaki wananenepa.

Basi kiwanja kipya ni chenu. Pandeni kwa kuachia nafasi. Majina wapeni watoto, miti iacheni iwe miti. Kabla hamjamwaga maji, laleni chini mhesabu mbingu, na mkishahesabu, geukeni nyuma mtazame nani amekaa kwenye kisiki. Upepo ukivuma mimi bado hushika ukuta. Woga haujaniisha, ila sasa nikisikia shina likilia, naita watoto kwanza.

Mungu, ambaye Mzee Lemayian alimwita Enkai kwa heshima ile ile, akupimie wewe unayesoma mwanga wa kukutosha na kivuli cha kukulinda mpaka ngozi yako izoee. Mkubwa aliye juu yako ajue kukupisha, nawe ukikua ujue kumpisha aliye chini. Na kila unayembeba mgongoni, Bwana akupe sikio la kumsikia. Amina.